Jaji akihamishwa kesi ikiwa katikati, sheria imbane nani?

BintiWaUjiji

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaojua mambo ya mahakama mnisaidie, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mama yangu ana kesi Mahakama Kuu, kanda moja ya huku Bara, sitaitaja. Ni nyumba na kiwanja ambacho marehemu baba alinunua mwaka 1987. Thamani yake inapita shilingi milioni 300, kwa hiyo ilibidi tuanzie Mahakama Kuu badala ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashahidi wetu wote walishasikilizwa, upande wa pili wamebakiza shahidi mmoja. Siku ya kusikilizwa tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Karani akatoka na orodha, akasoma majina, akasema Mheshimiwa Jaji amehamishwa, kesi itatajwa mbele ya Naibu Msajili mpaka ipangiwe jaji mwingine. Akaingia ndani. Basi.

Kinachoniumiza ni hiki. Shahidi wetu mkubwa ni mzee jirani aliyeshuhudia mkataba wa mauziano na kuutia saini. Alieleza mahakamani vizuri sana, kwa utulivu, mpaka wakili wa upande wa pili akaishiwa maswali. Mzee yule amefariki. Sasa wenzetu wameanza kusema huko nje kwamba jaji mpya hawezi kumpima mtu ambaye hakumwona, kwa hiyo kesi ianze upya. Ikianza upya sisi tumekwisha.

Kila mara nasikia habari za kurekebisha sheria za mahakama: majaji wapangwe vipi, wasajili wafanye nini, watendaji wafanye nini. Je, ipo sheria inayozuia jaji kuhamishwa akiwa na kesi katikati? Kama haipo, mngetaka iseme nini?

---

WakiliWaKanda

Dada, pole sana kwa msiba na kwa usumbufu.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kesi haianzi upya kwa sababu tu jaji amehama. Amri ya XVIII kanuni ya 10 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inasema jaji akishindwa kumaliza kesi kwa kifo, uhamisho au sababu nyingine, anayempokea anaweza kuutumia ushahidi uliokwisha kuandikwa kana kwamba ameuandika yeye, na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Uhamisho umetajwa kwa jina. Waliotunga sheria walijua kabisa kwamba jambo hili litatokea.

Ila kuna sharti, na hapa muwe macho. Mahakama ya Rufani imesisitiza, mfano katika Georges Centre Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Rufaa ya Madai Na. 29 ya 2016, kwamba kesi ikishaanza mbele ya jaji mmoja, huyo ndiye anapaswa kuimaliza. Ikibidi ipokelewe na mwingine, kumbukumbu za mahakama zioneshe sababu. Jaji mpya akikaa tu na kuita shahidi anayefuata bila kuandika kwa nini kesi imefika kwake, kila kinachofuata kinaweza kufutwa kwenye rufaa, hata kama mmeshinda kwa haki kabisa. Siku ya kwanza mbele ya jaji mpya, wakili wenu asimame aombe sababu iandikwe. Ni sentensi mbili kwenye jalada, lakini zinaokoa miaka.

Kuhusu kuzuia uhamisho: hakuna sheria inayosema jaji asihamishwe akiwa na kesi nusu. Kuwapanga majaji ni kazi ya uongozi wa Mahakama yenyewe. Jaji Mkuu ndiye kiongozi, na Katiba katika ibara ya 109 inamweka Jaji Kiongozi kuwa msaidizi wake maalum. Ndani ya kanda, Jaji Mfawidhi ndiye anagawa majalada. Mimi nisingependa Bunge liingie kuamua jaji gani akae wapi. Ibara ya 107B inalinda uhuru wa Mahakama, na ukimpa mwanasiasa ufunguo wa kumhamisha au kumng'ang'aniza jaji kituoni, umempa njia ya kugusa kesi.

---

Mchangiaji_Kimya

Mimi naona rahisi tu. Sheria iseme jaji hahami mpaka amalize kila faili alilolianza. Wananchi wamechoka.

---

MtuWaMpanda

Mkuu hapo juu, rahisi kwenu mlio karibu na mahakama yenye majaji wengi. Sisi wa Katavi kwa miaka mingi Mahakama Kuu yetu ilikuwa Sumbawanga. Wa Musoma walikuwa wanakwenda Mwanza na wa Kigoma wanakwenda Tabora, mpaka walipofunguliwa masijala zao za Mahakama Kuu. Masijala mpya ikifunguliwa majaji wanatoka wapi? Wanatoka kwenye kanda za zamani, na wanaondoka wakiwa na mafaili nusu. Ukisema hakuna kuhama mpaka kila faili liishe, masijala mpya itakaa na samani na kiyoyozi, haina jaji.

Tena uhamisho ni sehemu tu ya tatizo. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60. Wengine wanapanda kwenda Mahakama ya Rufani. Wengine Rais anawateua kwenye kazi nyingine kabisa: mwaka 2021 aliyekuwa Jaji Kiongozi, Eliezer Feleshi, aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya kuzuia uhamisho peke yake haimsaidii mwenye kesi ambayo jaji wake amestaafu.

---

KaraniMstaafu

Binti, pole kwa mama, na Mungu amrehemu mzee wenu. Nimefanya kazi masijala maisha yangu yote ya utumishi, mahakama ya wilaya kwanza, baadaye Mahakama Kuu. Wakili amekueleza sheria ilivyo na amesema sawa. Wa Mpanda naye ana haki. Mimi nikueleze jalada linavyokuwa siku jaji anapoondoka, kwa sababu hapo ndipo haki za watu zinapopotelea, na hapo ndipo ningetaka sheria iguse.

Taarifa ya uhamisho ikifika, ofisini kwa jaji kuna mafungu matatu ya majalada. Lipo fungu la kesi zinazosubiri hukumu. Hilo linafuatiliwa na kila mtu, kwa sababu hukumu ina ukomo wa siku 90 tangu kesi ikamilike kusikilizwa, na jaji anaulizwa. Hata akiondoka, hukumu aliyokwisha kuiandika anayempokea anaweza kuisoma. Lipo fungu la kesi ambazo hazijaanza, nazo hazina shida, zinagawiwa tu. Fungu la katikati, kesi zilizosikilizwa nusu, halina mtu wa kuliulizia. Kwenye taarifa ya mwezi zinahesabiwa kama mashauri yanayoendelea, pamoja na yale ambayo hayana hata shahidi mmoja.

Sasa lifungue jalada moja la fungu hilo. Ushahidi umeandikwa kwa mkono wa jaji, ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wa maelezo ya kila shahidi panatakiwa saini ya jaji, ndivyo inavyotaka Amri ya XVIII kanuni ya 5. Kwenye kila hati iliyopokelewa kama kielelezo, Amri ya XIII kanuni ya 4 inataka paandikwe namba ya shauri, jina la aliyeitoa, tarehe, na kwamba imepokelewa, kisha jaji aweke saini yake. Karani anagonga muhuri, anajaza namba na tarehe, anaandika P1 au D2 (kielelezo cha kwanza cha mdai, cha pili cha mdaiwa), anaacha nafasi ya saini, anaweka jalada mezani. Jaji ana kesi nyingine zinamsubiri. Kesho yake kuna kikao cha mauaji wilayani, anasafiri na msafara. Muhuri upo, saini haipo.

Jaji akiwa bado yuko kwenye korido ile ile, hilo ni jambo la dakika moja. Unabisha hodi, unamwonesha, anatazama kumbukumbu zake, anasaini. Akishahamia kanda nyingine hakuna anayeweza kuisaini saini yake. Sio Naibu Msajili, sio Jaji Mfawidhi, sio jaji mpya. Pengo lile linalala ndani ya jalada mpaka siku ya rufaa, na wa kwanza kuliona anakuwa wakili wa aliyeshindwa. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya kesi kwa saini iliyokosekana chini ya ushahidi. Watu wanaambiwa warudi waanze upya, na mashahidi wengine wako makaburini kama huyo mzee wenu.

Nani alipaswa kuliona pengo kabla jaji hajapanda gari? Ukiuliza masijala, kila mmoja atakuonesha mwingine, na hasemi uongo. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Na. 4 ya 2011, ilitenganisha kazi. Ilimweka Mtendaji Mkuu wa Mahakama ashughulikie fedha, majengo na utumishi, na Msajili Mkuu abaki na mambo ya mashauri. Ilikuwa hatua kubwa na ninaitetea mpaka leo. Kabla yake tulikuwa tunaona msajili mwenye shahada ya sheria anashinda akihangaika na mafuta ya gari na paa linalovuja. Lakini huku chini kwenye masijala, karani alijikuta kati ya ofisi mbili. Likizo yake, posho yake, karatasi za kuchapia, vyote vinatoka upande wa Mtendaji. Kazi ya jalada anaagizwa na Naibu Msajili. Mchapaji aliyezoea mwandiko wa jaji fulani akihamishiwa ofisi nyingine kwa mpango wa utumishi, upande wa mashauri unapata habari kazi ikiwa imeshasimama.

Kwa hiyo kama wabunge wangeniita leo, nisingewaambia wamfunge jaji kituoni. Ningewaambia uhamisho wa jaji uambatane na hati ya makabidhiano ya majalada yaliyosikilizwa nusu, na hati hiyo iwe takwa la sheria. Naibu Msajili na karani wa jaji wayapitie majalada hayo moja moja jaji akiwa bado yupo: saini chini ya kila shahidi, saini kwenye kila kielelezo, kurasa zimepigwa namba, vielelezo vilivyo kwenye daftari ndivyo vilivyo kabatini, maelezo ya mkono yamechapwa na jaji ameyasoma. Palipo na pengo lizibwe hapo hapo. Nakala moja ya hati iingie kwenye jalada, ili jaji mpya akilifungua akute ukurasa wa kwanza unamweleza kwa nini kesi imefika kwake na imefikia wapi. Ile sababu anayoisema wakili itakuwa imeshaandikwa. Na kesi iliyobakiza shahidi mmoja, kama hii ya mama, ibaki kwa jaji yule yule aimalizie.

Kuna jambo lingine linanikera na siwezi kulinyamazia. Tazameni Kanuni za Mahakama ya Rufani, kanuni ya 90, baada ya marekebisho ya 2019. Inasema Msajili ahakikishe nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi zilizochapwa, iko tayari ndani ya siku 90 tangu mwenye rufaa aiombe. Vizuri. Halafu inasema asipoitwa, mwenye rufaa afuatilie mwenyewe ndani ya siku 14 baada ya zile 90 kuisha. Nimewaona wazee waliokaa nyumbani wakisubiri kuitwa, kwa sababu karani aliwaambia "tutakupigia". Simu haikupigwa, siku 14 zikapita, na aliyebanwa kwa kuchelewa ni mzee. Wajibu wa ofisi umeandikwa bila adhabu, na kuchelewa kwa mwananchi kumewekewa adhabu. Kama kuna sehemu moja ya kazi za watumishi wa mahakama inayohitaji mkono wa sheria, ni hiyo.

Sasa wewe binti fanya hivi. Usisubiri kutajwa. Nenda masijala na wakili wako, andikeni barua ya kuomba kulipitia jalada, lipeni ada na mchukue risiti. Fungueni ushahidi wa yule mzee, mtazame chini yake. Kisha mtazame mkataba wa mauziano.

---

WakiliWaKanda

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru. Umesema jambo ambalo sisi mawakili tunalijua lakini tunalikumbuka siku ya rufaa.

Niongeze kidogo kwenye kumwacha jaji amalizie. Zamani hoja ilikuwa nauli: jaji wa Songea atarudije Tanga kwa shahidi mmoja? Tangu 2021 zipo kanuni za kuendesha mashauri kwa njia ya mtandao na kurekodi kwa vifaa vya kielektroniki, na mahakama nyingi zina chumba cha video. Jaji anaweza kukaa kituo chake kipya, shahidi na mawakili wakawa kituo cha zamani, wakamaliza kwa asubuhi moja. Vifaa vipo. Hakuna anayelazimika kuvitumia kwa kesi za namna hii, na hapo ndipo pendekezo lako linapofaa.

Kurekodi sauti nako kungepunguza sana tatizo la mwandiko. Lakini saini itabaki kuwa saini, mfumo wa kielektroniki hauisaini.

Ninachotofautiana nawe kidogo ni adhabu kwa mtumishi. Sheria ikimtishia karani bila kumpa mashine ya kuchapa inayofanya kazi na mwenzake wa kusaidiana naye, atakachofanya ni kuficha jalada. Wajibu wa makabidhiano aubebe Naibu Msajili kwa jina lake, kwa sababu yeye ni ofisa wa mahakama na ana mamlaka ya kuagiza.

---

KaraniMstaafu

Marahaba, wakili. Hapo nakubaliana nawe. Karani asibebeshwe peke yake. Lakini jina lake liwemo kwenye hati, chini ya jina la Naibu Msajili. Tulikuwa tunafanya kazi nzuri sana bila majina yetu kuonekana popote, na uzembe nao ulikuwa unafanyika bila jina.

---

MtuWaMpanda

Swali dogo kwa mzee. Hati hiyo ikitakiwa kwa majaji, na mahakimu je? Huku kwetu watu wengi kesi zao ziko Mahakama ya Mwanzo. Hakimu anahamishwa, wazee wa baraza wanabaki, hakimu mpya anakuta faili halina kichwa wala miguu.

---

KaraniMstaafu

Iwahusu mahakimu kabla hata ya majaji, mwanangu. Mahakama ya Mwanzo ndiko kesi nyingi zinakoanza, na watu wengi wanasimama wenyewe bila wakili wa kuwaambia "ombeni sababu iandikwe". Wazee wa baraza wanaobaki ni msaada, maana walimsikia shahidi kwa masikio yao. Lakini pale msajili hayupo. Wajibu ungemwangukia Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, ambaye ana mahakama za mwanzo kadhaa mikononi mwake na pengine pikipiki moja. Kwa hiyo hati ya huko iwe fupi, ukurasa mmoja, inayoweza kujazwa hata na karani wa pale na kusainiwa na hakimu anayeondoka. Ukiitengeneza ndefu kama ya Mahakama Kuu haitajazwa.

---

BintiWaUjiji

Shikamoo mzee. Narudi na majibu, na nawashukuru wote kutoka moyoni.

Tumekwenda masijala na wakili wetu. Barua ilipokelewa, tukalipa, tukaambiwa tusubiri. Dada mmoja wa masijala alitusaidia vizuri sana, alilitafuta jalada mpaka akalipata kwenye fungu la kesi zinazosubiri kupangiwa jaji. Ushahidi wa mzee upo, kurasa zote, na chini yake kuna saini ya jaji na tarehe. Mama aliposikia hivyo alikaa chini palepale kwenye ngazi.

Lakini mkataba wa mauziano una muhuri, umeandikwa P1, una namba ya kesi na tarehe, sehemu ya saini iko wazi. Kama mzee alivyosema. Kwenye mwandiko wa jaji imeandikwa kwamba umepokelewa. Sasa tunafanyaje?

---

WakiliWaKanda

Dada, hiyo ya saini ya ushahidi ni habari njema kuliko unavyodhani. Ndiyo iliyokuwa inanitia hofu.

Kuhusu P1, msinyamaze mkidhani haitaonekana. Wakili wenu alieleze jambo hili mapema mbele ya jaji mpya, siku ile ile anayoomba sababu ya kubadilishwa kwa jaji iandikwe, kesi ikiwa bado mikononi mwa mahakama iliyoipokea hati. Mnayo faida kwamba kumbukumbu za jaji aliyeondoka zinaonesha hati ilipokelewa. Jaji mpya aamue la kufanya mkiwa mmesimama mbele yake, pande zote zikisikilizwa. Kinachoua kesi ni pengo kugunduliwa miaka mitatu baadaye Mahakama ya Rufani.

Na muombe nakala ya mwenendo iliyochapwa kuanzia sasa, msisubiri hukumu.

---

KaraniMstaafu

Sikiliza wakili. Mimi naongeza moja tu: barua mnayoandika sasa, ya kueleza saini iliyokosekana, iwe na nakala tatu. Moja ibaki masijala, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa, waandike tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Ya tatu pelekeni kwa Naibu Msajili, naye agonge muhuri kwenye ile ya pili, ambayo ni yenu. Jaji aliyehama bado yupo kazini, na kanda mpya anayokaa inajulikana. Naibu Msajili anaweza kumwandikia mwenzake wa huko kabla jalada halijapangiwa mtu, na Jaji Mfawidhi akajua kuna kesi imebakiza shahidi mmoja. Ombeni kwenye barua hiyo hiyo kwamba aliyeianza aimalize kwa video. Wanaweza kukataa, lakini ombi litakuwa limo ndani ya jalada.

Msalimie mama.